Kigari cha Milango Miwili

Gari lile nililichagua kwa macho. Wenzangu wakinunua gari wanainama, wanachungulia chini, wanachomoa kijiti cha oili wananusa. Mimi nililizunguka mara moja, nikaliona limesimama juu juu kama mbuzi kwenye kichuguu, nikasema hili hili. Dogo, jeupe, la mraba, kama kiberiti kilichoota magurudumu. Lilishatembea Japani miaka, likapanda meli, likatembea Dar kwa mtu mwingine, ndipo likanifikia mimi Bagamoyo. Kwa hiyo si mtumba, ni mtumba wa mtumba. Lakini linavuta miguu yote minne, na hiyo ndiyo ilikuwa hoja.

Hoja yenyewe alikuwa mama mkwe wangu.

Mama mkwe anaishi Mkange, kule juu unakoelekea Saadani, peke yake tangu baba mkwe afariki. Kiangazi hakuna neno, unapanda basi, unakula vumbi, unafika. Masika yakianza, njia inakuwa uji na mabasi yanasema tutaonana. Kila mwaka mke wangu anamwomba mama yake aje akae kwetu, walau mvua ipite. Na kila mwaka jibu ni lile lile: nikiondoka kabla ya kupanda, nguruwe watalima wao. Akishapanda, mvua imeshashika, gari hakuna.

Mwaka ule goti lake lilimwangusha kisimani. Alikaa pale chini kwenye tope mpaka jirani akapita kuchota maji. Mke wangu alipopata habari hakulia, alikaa kimya, na mimi kimya cha mke wangu nakiogopa kuliko radi. Akapiga simu. Mama akamwambia:

"Siku gari lenu litakapofika mlangoni kwangu mvua ikiwa imeshanyesha, na mbegu zangu ziko chini, nitalipanda. Lisipofika, msinisumbue tena. Nitakaa na goti langu."

Mke wangu akakata simu, akanitazama. Ndiyo nikaenda kuchagua gari kwa macho.

Sasa gari lile lilikuja na mambo yake. La kwanza, mna mwanamke ndani. Ukizungusha ufunguo anasema kitu kwa Kijapani, sauti nyororo, yuko kwenye kidude fulani chini ya usukani. Kila fundi niliyempelekea amesema ukikitoa hicho unaweza kuharibu vingine. Mke wangu siku ya kwanza alishtuka, siku ya pili akawa anamjibu, "Haya dada, na wewe pia."

La pili, kuna karatasi imebandikwa juu ya kioo, mahali pa kuzuia jua, ina maandishi mengi ya Kijapani na kipicha cha gurudumu. Mimi niliishia kidato cha pili, na hata ningemaliza, Kijapani hatukuwa nacho. Nikaamua moyoni kwamba ile ni dua ya safari ya kwao. Nikaiacha ikae, dua haikatai mtu.

Mke wangu alikuwa na leseni. Alisomea udereva kabla yangu, akafaulu mara ya kwanza. Mimi nilifaulu pia, ila sitaji mara ya ngapi. Lakini alikuwa hajapata gari la kushika, kwa hiyo nikawa nampeleka ufukweni Kaole jioni maji yakipwa, pale mchanga unapokaza. Pazuri mno pa kufanyia mazoezi. Hakuna ukuta, hakuna bodaboda, cha kugonga ni kaa tu, na kaa wana mbio. Mimi nakaa pembeni natoa amri: klachi, gia, taratibu, klachi mama, klachi! Yeye anaendesha kama hanisikii, na gari linakwenda vizuri zaidi akiwa hanisikii.

Kwa mtu wa pwani nilipaswa kujua. Chumvi haina udugu. Baada ya muda nikaenda gereji, fundi akalala chini ya gari, akakaa huko kitambo. Nikaona miguu yake haitikisiki, nikadhani kasinzia.

"Bosi," akasema kutoka chini, "wewe hili gari unavulia samaki?"

"Kwa nini?"

Akatoa bisibisi, akagonga chesesi. Vumbi jekundu likamwagika kama pilipili. Akatoka, akajifuta macho.

"Bado ina uzima. Lakini ukiendelea kuiogesha bahari, siku moja utafunga breki, bodi itasimama, na wewe utaendelea na kiti chako."

Aliniambia nilioshe chini kwa maji baridi ya bomba, nisubiri likauke, nirudi alipake dawa ya kuzuia kutu. Akataja dawa yenyewe. Nikaitikia, nikaondoka, na njiani akili yangu ikaanza kufanya kazi, na hapo ndipo matatizo yangu mengi huanzia.

Kwetu sisi ni watu wa vyombo. Babu alikuwa na mashua, baba wadogo wote wameshika jahazi au wameliunda. Nikajiuliza: mbao inakaa baharini miaka arobaini haiozi, kwa nini? Kwa sababu inapakwa sifa, yale mafuta ya ini la papa. Papa mwenyewe anaishi ndani ya chumvi, umewahi kumwona na kutu? Hoja ilikuwa nzito. Nikaenda kwa baba mdogo nikapata dumu zima, nikaingia chini ya gari na brashi, nikalipaka lote. Chesesi, difu, propela, springi, ndani ya milango, kila nilipofikia na kila iliponifikia mimi. Nilipotoka, mke wangu alikuwa kasimama mlangoni kafunika pua na upindo wa kanga.

"Umefanya nini?"

"Nimelitia sifa. Kutu basi."

"Hiyo harufu inaisha lini?"

"Ikikauka."

Mtu yeyote aliyepita gati akiwa na pua anajua kwamba sifa haikauki, inapumzika tu. Jua likitoka inaamka. Paka wa mtaa mzima walihamia kwetu. Asubuhi nikitaka kutoka lazima niwaombe paka watoke kwenye magurudumu mmoja mmoja. Nikiegesha sokoni watu wanakuja kuuliza papa wa leo bei gani. Nilipomrudia fundi, alinusa kabla hata sijazima injini, akaenda kukaa upande wa pili wa barabara akacheka huko huko, kwa heshima.

Ila niseme kweli, kutu ilisimama. Fundi mwenyewe aligonga tena na bisibisi, hakikumwagika kitu. Akasema, "Chombo chako kiko tayari, nahodha."

Mvua zikaja. Mama akapiga simu: mbegu ziko chini. Hakusema zaidi. Mke wangu usiku ule ule alitandika kitanda cha chumba cha pili, akakitandua, akakitandika tena.

Tukaondoka alfajiri, tukapita Fukayosi watu ndio wanafungua vibanda, tukashika lami mpaka ikatuchoka. Baada ya Miono udongo ukaanza, ule mweusi ambao ukiuona kwa mbali unadhani ni lami nyingine. Nikashika kile kigia kidogo cha kuvutisha miguu yote minne, nikakivuta kwa madaha.

"Sasa," nikamwambia mke wangu, "tazama mwanaume anavyovuka."

Tulikwenda kama urefu wa msikiti mdogo, tukazama. Nikakanyaga moto. Matope yakaruka, gari likanguruma, likatulia pale pale. Nikakanyaga tena. Mke wangu akafungua mlango, akashuka na kanga yake kaipandisha, akasimama mbele ya gari akiangalia chini, mikono kiunoni.

"We bwana."

"Naam."

"Hebu kanyaga."

Nikakanyaga.

"Mbona ya nyuma yanafanya kazi, haya ya mbele yanaangalia tu?"

"Haiwezekani. Nimeweka."

"Umeweka wewe. Yenyewe hayajaambiwa."

Nikashuka nikaona kweli. Ya nyuma yamechimba kaburi, ya mbele yamekaa safi kama wageni. Tukarudi ndani tukakaa. Mke wangu akainua macho kwenye ile karatasi ya Kijapani. Akakitazama kile kipicha cha gurudumu, akakiangalia kwa makini, akashuka tena, akainama kwenye gurudumu la mbele. Pale katikati kuna kitu kama kifuniko cha chupa ya chai. Akakizungusha kwa vidole, kikalia ka! Akaenda upande wa pili. Ka!

"Dua yako hiyo," akasema, "imeandikwa namna ya kufunga magurudumu ya mbele yavute."

Miezi yote ile nilikuwa navuta kigia kidogo mbele za watu, naringa nacho, na gari halijawahi kuvuta miguu minne hata siku moja. Nikaingia, nikakanyaga kwa adabu. Kile kigari kikapanda kutoka kwenye lile tope kama mtu anavyotoka kitandani. Yeye aliangalia dirishani, na mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Tukafika Mkange mchana, mlangoni kabisa, mvua imeshanyesha, mbegu ziko chini. Mama alikuwa amekaa barazani, begi lake limefungwa, mkeka umekunjwa, kuku wawili wamefungwa miguu. Majirani wamejaa. Nikavizungusha vile vifuniko kuyafungua magurudumu ya mbele, maana pale ardhi ni ngumu, nikasogea kwa mbali, nikainama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mmefika."

Na hapo mazungumzo yangu na mama mkwe yakawa yamekwisha, maana ndivyo tulivyo. Mkwe humtanii, huli naye sahani moja, hukai naye mkeka mmoja, mkikutana njiani unampisha unaangalia miti. Mimi ambaye hata msibani naweza kumchekesha mfiwa, mbele ya mama mkwe nakuwa kama redio iliyotolewa betri. Na ninampenda sana. Ndiyo maana betri inatoka.

Jirani mmoja, mama mnene mwenye sauti ya soko, akalizunguka gari.

"Harufu gani hii? Mmekuja na papa?"

"Ni gari," mke wangu akasema.

"Gari limekula papa?"

"Limepakwa."

Mama mkwe akajikongoja na fimbo yake mpaka kwenye gari. Akaangalia mlango wa kushoto. Akaangalia mlango wa kulia. Akaangalia nyuma.

"Mlango wa nyuma uko wapi?"

Ndipo tukaelewa sote kwa pamoja. Milango miwili. Kukaa nyuma, unalaza kiti cha mbele, unakunja goti, unajipenyeza kama panya. Kuna mlango mwingine kisogoni, wa mizigo, lakini huo ni wa juu, unataka kuruka. Mama akajaribu. Jirani akamshika kwapani, mke wangu akamshika mguu. Goti likakataa. Akajaribu tena kwa nyuma. Akatoa sauti ndogo, akakaa kwenye bampa, jasho likamtoka.

"Basi akae mbele," kijana mmoja akasema.

Wanawake wakaangua kicheko.

"Mbele na mkwewe? Bega kwa bega mpaka Bagamoyo?"

"Na ule mkono wa gia uko wapi?"

Mmoja akachungulia. "Upo gotini pa abiria."

"Ya Rabi! Kila akibadilisha gia amwombe radhi mkwewe!"

Wakacheka mpaka wakashikana. Mimi nilikuwa natazama miti. Katika kigari kile ukikaa mbele watu wawili mnapumua kwa zamu, huo ndio ukweli. Mama hakucheka. Akainuka kutoka kwenye bampa, akafuta uso, akamwambia binti yake taratibu:

"Mwanangu, gari limefika. Neno langu limetimia. Ila mimi halinienei. Washusheni kuku. Nitakaa na goti langu."

Upande wa Saadani mbingu ilikuwa imeshakuwa ya bluu nzito, ile ya mvua ambayo haina haraka kwa sababu inajua hujui pa kwenda. Ikinyesha ile, tusingetoka, na tukitoka bila mama, tusingerudi mpaka miezi ipite. Nikaona mke wangu anamtazama mama yake, fimbo, kisima kule chini ya mteremko. Halafu akanigeukia, akanyoosha mkono.

"Ufunguo."

"Wa nini?"

"Mama atakaa mbele. Nitaendesha mimi. Wewe nyuma."

Mtu hajawahi kuendesha nje ya mchanga wa Kaole. Nilifungua mdomo nieleze tope, nieleze mteremko, nieleze kwamba hapa hakuna kaa, kuna mifereji. Nikakumbuka nani aliyesoma ile karatasi. Nikatoa ufunguo.

Wakanipakia kwa mlango wa mizigo. Kwanza mkeka, kisha mimi, kisha gunia la muhogo juu ya miguu yangu, kisha begi, kisha kuku wawili mapajani. Mlango ukafungwa nyuma yangu, na ule mlango, wenye magari kama haya wanajua, haufunguki kwa ndani. Mama akasaidiwa kukaa mbele, goti limenyooka, fimbo mkononi. Mke wangu akazungusha ufunguo.

Mjapani akasema maneno yake.

"Nani huyo?" mama akauliza.

"Ni gari, mama."

"Anasemaje?"

"Anatutakia safari njema."

"Mwambie amina."

Tukaondoka. Yule jirani akapiga kigelegele, na wengine wakapokea, kama tunampeleka bibi harusi. Mimi huku nyuma naona vichwa viwili tu, kimoja cha mtandio, kimoja cha kilemba, vimelingana urefu. Gari linakwenda. Kila likiruka, muhogo unaniuma na kuku wananilaumu. Nina maneno mia ya kusema na mkwe yuko umbali wa mkono. Mke wangu akiingiza gia vibaya, mdomo wangu unafunguka wenyewe. Mara moja ikaponyoka:

"Klachi..."

Mama akageuza shingo kidogo, si kunitazama mimi, bali kumtazama binti yake.

"Mwambie mumeo kuku wanaogopa kelele."

"Mume wangu, kuku wanaogopa kelele."

"Nimesikia."

"Amesikia, mama."

Tukafika kwenye lile tope letu la asubuhi. Matone ya kwanza yalikuwa yameanza kupiga kioo. Mke wangu akasimamisha gari, akashuka. Nikamwona anapita mbele, anainama huku, ka! Anainama kule, ka! Akarudi, kanga imeloa mpaka magotini, akafuta mikono, akavuta kile kigia kidogo. Hakukivuta kwa madaha. Alikivuta kama anafunga mlango wa jikoni.

Mama akashika fimbo kwa mikono miwili. "Ya Latifu," akaanza, chini chini. "Ya Latifu, ya Latifu."

Gari likaingia. Likayumba kulia, mkia ukataka kwenda kwenye mfereji, na mimi niko kwenye huo mkia. Hakukanyaga moto. Alilipeleka pole pole, pole pole, ule mwendo wa Kaole, likanguruma kwa chini, likatambaa, likasita katikati pale palipochimbika, nikahisi tumbo la gari linagusa. Kuku walinyamaza. Mimi nilinyamaza. Hata Ya Latifu ilisimama nusu. Kisha magurudumu ya mbele yakauma kitu, yakavuta, na sisi wote, mama, binti, kuku, muhogo na mwenye gari, tukatoka upande wa pili.

Mama akapumua.

"Baba yako," akamwambia binti yake, "hakunifundisha hata baiskeli."

Kutoka hapo walizungumza. Sijawahi kuwasikia wakizungumza vile, wamezoea simu inayokatika katika. Shamba, mahindi, nani kaolewa, nani kafa, yule mama wa sauti ya soko na kesi yake ya mbuzi. Mvua ikatufuata mpaka lami ikatushika. Pale kwenye lami nilitegemea mke wangu atasimama tubadilishane. Alisimama kweli. Lakini alifungua magurudumu tu, akarudi kwenye usukani, akaendelea, akapita Fukayosi na honi kidogo ya madaha, hiyo nilimfundisha mimi.

Tulifika Bagamoyo magharibi imeshaadhiniwa. Akaegesha mlangoni kabisa, akazima. Akazunguka, akamshusha mama yake, mkono kiunoni, fimbo mbele, goti moja moja kwenye ngazi. Wakaingia ndani. Taa ikawaka sebuleni, kisha ikawaka chumba cha pili.

Nikasubiri.

Paka wakaja, wakakaa chini ya gari. Kuku wakawasikia, wakanisogelea. Dirisha la chumba cha pili lilikuwa wazi, nikawa nasikia vizuri.

"Hapa ndipo pako, mama. Maji haya hapa. Choo ni huu mlango, huna haja ya kushuka ngazi."

"Kitanda kirefu hiki."

"Tutakata miguu yake kesho."

"Acha. Kaa kwanza."

Kitanda kikalia, watu wawili wamekaa. Kisha nikamsikia mke wangu anacheka, na mama naye anacheka, sijui nini, na kile kicheko kikageuka kikawa kitu kingine, kikarudi tena kuwa kicheko.

Niliinua mkono nigonge kioo. Nikagonga mara moja, kidogo tu, kwa kidole. Halafu nikauacha. Mvua ilikuwa imetufikia mjini, inanyesha bila fujo, na ndani ya gari palikuwa pakavu, pananuka papa. Nikasogeza muhogo, nikanyoosha miguu mpaka ilipofikia, nikawaambia kuku wale: tulieni, watatukumbuka.